Mtani Wangu Aliyezikwa Bila Kuchekwa

Kila mwaka tunapokodi ukumbi wa sherehe pale Liverpool, ile ya Sydney, si ya Uingereza, kabla viti havijapangwa na kabla mtu hajauliza chai iko wapi, hutundikwa makalio. Ni makalio makubwa, ya duara, yamevaa gauni jeupe la bibi harusi, na mwenyewe amegeuza shingo anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekosa adabu. Nimeyachora kwenye shuka la kitanda. Wageni husimama, hucheka, halafu hutazama huku na huku kuona kama kucheka kunaruhusiwa.

"Nani kachora?" huuliza.

"Mimi," najibu, na siinamishi macho. Nimelelewa na watu waliotaka msichana akisifiwa ajifanye hakusikia. Somo hilo halikuniingia.

Picha yote ni mkono wangu, kuanzia kichwani mpaka kisiginoni, isipokuwa sehemu moja mgongoni, ambapo kitambaa cha kijani kinapita begani kwa mistari minene ya mtu asiyejua kushika brashi. Sehemu hiyo naipenda kuliko zote, na hakuna mgeni aliyewahi kuiulizia.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Watani wetu husema Mzaramo akivuna mpunga huuza wote amcheze mwali, kesho yake anapita kwa majirani kuomba mchele. Si uongo sana. Nilikulia kwenye ngoma. Ya ndani ya unyago siyasemi, hayo nilikula kiapo, lakini ya uwanjani, mchana kweupe, kila mtu aliyaona: wanawake wenye heshima zao wamejichora masharubu kwa masizi, wamejifunga mito kiunoni, wanaigiza waume zao walevi. Bibi yangu mzaa mama, ambaye siku za kawaida hakutaka mtu apige hata chafya wakati wa kula, siku ya ngoma alikuwa anaigiza mzee aliyebanwa na tumbo anayetafuta choo na asikione. Watu walikuwa wanaanguka chini kwa kucheka. Mimi nilikuwa namtazama tu, maana nilishaona kwamba mgongo ule, tumbo lile na hatua zile fupifupi za haraka vilikuwa kitu cha kuwekwa mahali visipotee.

Nikavichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Bibi alipoingia akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, nami nikajiandaa kwa kibao. Akatazama weee, kisha akasema, "Umenipunguza. Makalio yangu ndiyo hayo? Ongeza." Nikaongeza. Hilo ndilo somo langu la kwanza la uchoraji, na sijapata jingine la kulishinda.

Hapa Sydney nafanya kazi ya kufua katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi nilikuwa nakwenda darasa la kuchora. Mwalimu, mama mwema, alitaka nimchoree Afrika. Nilijua anachokitaka: tembo, jua jekundu, mwanamke na mtungi kichwani. Nikamchorea mama mmoja kanisani anapiga chafya, wigi limeruka limetua kwenye kichwa chenye upara cha mzee wa mbele. Mwalimu akaniuliza kwa upole ni maumivu gani niliyokuwa nayaeleza. Nikamwambia hakuna maumivu, ni mafua. Sijawahi kuchora ua maishani mwangu na sina mpango wa kuanza. Mwili wa binadamu unavyojamba, unavyotoka jasho na unavyokataa kuingia kwenye gauni umenitosha.

Mtani wangu nilikutana naye kwenye kituo cha treni cha Seven Hills. Alikuwa anafanya kazi kwenye bohari moja karibu na hapo, na mimi nilikuwa nimetoka kumwona rafiki, naongea na dada yangu kwa simu kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo watu huiita kelele. Nyuma yangu nikasikia, "Mzaramo huyo! Kauza shamba aje kucheza ngoma Ulaya."

Nikageuka. Nikaona tumbo kwanza, halafu mtu. "Na wewe Mnyamwezi mla michembe," nikamwambia, "kaa mbali na mimi, tumbo hilo limejaa upepo, nitapeperuka." Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, chakula cha kwao Tabora, na kazi yake tumboni inajulikana. Akacheka mpaka treni yetu ikatuacha. Tangu siku hiyo akaniita mke wangu, na mkewe wa ndoa, kukwepa ugomvi wa uke wenza, nikamwita wifi.

Asiyejua utani nimweleze. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kutoka bara mpaka pwani. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako na kukunyang'anya paja la kuku sahanini, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifa, yeye ndiye anayekuja. Anavaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anakohoa kikohozi chako, anashuka kaburini na kulala humo akigoma kutoka mpaka abembelezwe, anawatajia waombolezaji ulafi wako wote bila kuficha. Watu wanalia, kisha wanacheka huku wanalia. Kwetu tunaamini kicheko hicho ndicho kinachompa marehemu ruhusa ya kwenda na mjane ruhusa ya kula. Msiba usio na mtani ni mtu aliyesindikizwa nusu ya njia.

Zamani mtani wangu alikuwa dereva wa lori la chakula cha kambi za wakimbizi kule Kigoma. Kambini alimwona msichana wa Kirundi, akaoa, na zamu ya mkewe ya kuletwa Australia ilipofika wakaja pamoja. Walikaa Macquarie Fields, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache na kanisa jingi. Yeye alikuwa wa maneno mengi, na kanisani alilala.

Na kila Desemba, kwenye sherehe yetu ya kufunga mwaka, huyu dereva alikuwa bibi harusi. Wakongomani, Warundi, Wakenya, Watanzania, wote tunajaa ukumbini, muziki unazimwa, mlango unafunguliwa, naye anaingia kinyumenyume. Yaani yanatangulia makalio, mto mzima mzima umetuna chini ya shela refu lililokuwa pazia la dirisha, gauni jeupe limembana tumbo mpaka vifungo vinaomba msamaha. Anarudi nyuma hatua kwa hatua akitikisa. Katikati ya ukumbi anasimama, anakohoa kile kikohozi chake cha lori linalokataa kuwaka, ananyanyua mguu mmoja, anatulia, na ukumbi wote unabana pumzi. Halafu anauachia upepo. Wakati mwingine ulikuwa wa mdomo na wakati mwingine, naapa, haukuwa wa mdomo. Watoto wetu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, hapo hawakuhitaji tafsiri.

Mimi nilikuwa narudi nyumbani na kuchora mpaka rangi ziishe. Nusu ya picha zangu zimezaliwa kwenye makalio yale. Mwaka mmoja tulikuwa tunaosha masufuria baada ya sherehe, naye bado na gauni, akaniambia, "Mke wangu, nikifa uje unicheke sawasawa. Ukinililia tu kama watu wa kanisani, nitarudi nikujambie usingizini."

"Utatangulia wewe, kwa tumbo hilo," nikamjibu.

"Basi ahadi?"

"Ahadi."

Mwaka wa kwanza wa korona sherehe haikuwepo. Mwaka wa pili, katikati ya baridi, mitaa yetu ya huku kusini magharibi ikiwa imefungwa na helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa, moyo wa mtani wangu ulisimama. Haikuwa korona, ni moyo tu. Mazishini waliruhusiwa watu wa kuhesabika: mjane, watoto, mchungaji, wabebaji. Wengine tulitazama kwenye simu. Mimi nilitazama nimesimama kati ya mashine za kukaushia nguo, na barakoa yangu imelowa. Walimshusha haraka na kwa heshima kubwa. Hakuna aliyekohoa kikohozi chake. Hakuna aliyelala kaburini. Mnyamwezi yule, bibi harusi wa Sydney nzima, alizikwa kimya kama mtu asiyejulikana, na mimi mtani wake nilikuwa nakunja taulo. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Siku chache baadaye binti yake mkubwa akanipigia. "Aunty, mama hali chakula. She won't eat, she won't talk. Anakaa tu pale dirishani. Hata kulia halii, Aunty, that's what scares me."

Kutolia ndiko kulikonitisha na mimi. Nikampigia mchungaji, Mkongomani mmoja mpole, nikamweleza kwamba mtani hakufanya kazi yake na lazima ifanyike. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama, mjane anahitaji Neno na utulivu," akasema. "Mambo ya kuigiza marehemu, pardon, wakati huu haifai." Nikamwambia, mchungaji, Neno mmeshampa na utulivu anao mpaka unamuua. Akacheka kidogo bila kutaka, nikajua nimeshinda, nikakata simu.

Lakini nifanyeje? Kuingia nyumbani kwao kulikatazwa. Nikikusanya watu barabarani nitakusanywa na polisi. Kilichoruhusiwa ni kutembea kwa mazoezi, peke yako, mtaani kwako. Basi nikasema, kama mtani hawezi kwenda na watu, ataenda na picha.

Kazini nikaomba shuka kuukuu lililokuwa linatupwa, la kitanda kikubwa. Rangi nilikuwa nazo, zile za nyumba zilizokosewa kuchanganywa dukani, ambazo huuzwa kwa bei ya kutupa. Nikalitandaza shuka uwanjani nyuma ya fleti yangu, nikavua viatu, nikaanza na makalio, maana hayo yakikaa sawa mengine hufuata. Nilichora juani, nimepiga magoti, nikiongea naye kwa sauti. Nilimtukana, nikamwambia ona unavyonitoa jasho, kufa umekufa wewe, mgongo unaniuma mimi. Nikampa tumbo lake lote na shingo iliyogeuka na jicho la mtu asiye na hatia. Mguu mmoja nikaunyanyua. Kisha shela: nikalipeperusha lote juu, limeruka kwa nguvu ya upepo wake mwenyewe, na chini yake nikauonyesha mto, na mto nikaufunga kibwebwe, kanga imekazwa kiunoni na fundo limekaa ubavuni, kama wanawake wa kwetu wanavyojifunga ngomani. Nilipomaliza nikasogea nyuma nikatazama. Jamani, alikuwa yeye. Nilijiona mchoraji, na nilikuwa mchoraji.

Dirisha la sebule ya wifi linatazama ng'ambo ya barabara, kwenye uzio wa bati wa kiwanja. Kesho yake adhuhuri, rangi imekauka, nikaenda na shuka langu mkononi kama mtu anayetoka kufua, nikalibana juu ya uzio kwa vibanio vya nguo, nikasimama kando. Nilikiona kivuli chake pale dirishani. Hakutikisika. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa alisimama, akatazama, akacheka ndani ya barakoa mpaka mabega yakamcheza, akaniinulia kidole gumba na kuendelea na safari. Dirishani hakuna kitu. Upepo ukavuta shuka, makalio yakacheza yenyewe, hakuna kitu. Nikaanza kuona aibu, jambo nisilolizoea. Nikafikiri, mchungaji alisema kweli. Nimemletea mwanamke wa watu matusi mlangoni kwake.

Nikawa nafungua kibanio cha kwanza mlango ulipofunguliwa. Wifi akatoka na ndala na blanketi mabegani, amepungua mashavu. Akavuka barabara bila kutazama magari, ambayo hata hivyo hayakuwepo. Akasimama mbele ya shuka. Mdomo wake ulikuwa mkavu na ulichukua muda kufunguka.

"Nani amemufunga hivi?"

"Wifi, pole, mimi nilitaka tu..."

"Nakuuliza weye. Nani amemufunga mume yangu hivi? Hii kufunga ni ya nani?"

Nikaelewa anaonyesha kiuno. "Ni kibwebwe, wifi. Mto hufungwa hivyo."

"Non! Hufungwa kwenu." Akaisonta kanga kwa hasira. "Hivi ingeanguka mbele ya watu! Miaka yote, ile mto ilianguka? Uliona imeanguka hata siku moja?"

"Haikuanguka."

"Kwa sababu nilimufunga mie. Nilimufunga kama mutoto."

Miaka yote ile nilikuwa natazama makalio, na chini ya lile shela sikuwahi kuona kilichomo. Nilipoyachora nikayafunga kwa desturi ya kwetu bila hata kujiuliza, kana kwamba dunia nzima ni Kisarawe. Kumbe huyu mama wa maneno machache, huyu wa kanisa, kila Desemba alikuwa anafungua sanduku, anatoa kitenge cha kijani alichobebea wanawe wote kule kambini, anamwinamisha dereva wake chumbani, anamwekea mto mgongoni chini kabisa kama mtoto aliyeteleza, na anamfunga. Sherehe yote ile tuliyokuwa tunaicheka ilianzia mikononi mwake.

"Na upepo je, wifi?" nikauliza polepole. "Huo nao nimekosea?"

Akalitazama shela lililoruka. Akatazama kwa makini, kama bibi yangu mbele ya ukuta.

"Upepo ni kweli," akasema.

Kisha akageuka akarudi ndani. Nikadhani amemaliza na mimi. Nikafungua kibanio cha pili, nikakishika mkononi. Lakini akatoka tena, blanketi ameliacha, amekumbatia mto na kitenge cha kijani kilichopauka.

"Inama."

Tulikuwa tumeambiwa tusigusane. Tangu baridi ianze sikuwa nimeguswa na mtu asiyevaa glavu. Nikainama. Akauweka mto mgongoni kwangu, akausukuma chini, akapitisha kitenge chini yake, ncha moja kwapani, nyingine begani, akavuta mpaka pumzi ikanitoka. Mikono yake haikusita hata mara moja. Alikuwa ananong'ona Kirundi, sijui kwangu, sijui kwa mto, sijui kwa nani. Akafunga fundo kifuani, akalijaribu kwa vidole viwili. Halafu akanipiga kofi moja kubwa la makalio.

"Haya, nenda. Watu wanangoja."

Hapakuwa na watu. Kulikuwa na barabara tupu, mapipa ya taka, na ndege wawili weusi kwa weupe juu ya waya. Lakini alivyolisema, nilijua kila mwaka limesemwa hivyohivyo, nyuma ya mlango ule wa ukumbi, na ndiyo maana mtani wangu alikuwa anaingia kwa nguvu vile. Nikaenda. Nikaenda kinyumenyume, nimetoa tumbo, natikisa, katikati ya barabara ya Macquarie Fields. Nikakohoa kikohozi cha lori. Nikasimama. Nikanyanyua mguu, nikatulia, nikauachia kwa mdomo kwa nguvu zote alizonijalia Mungu, na uzio wa bati ukaupokea ukaurudisha.

Wifi alianza kwa pua. Halafu mabega. Halafu akakaa ukingoni mwa barabara, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, akicheka mpaka sauti haitoki, na sauti iliporudi ilikuwa kilio, kile alichokuwa amekifungia ndani siku zote zile. Alimwita mumewe kwa jina. Binti yake akatoka mbio, "Mama, get up, majirani wanaona," akaniona mimi na mto wangu, akashika mdomo, naye akakaa chini kando ya mama yake. Wakashikana. Wifi akiwa bado analia akamwambia, "Weka maji ya bugali kwa moto. Huyu Muzaramo atakula hapa hapa inje, na mie nitakula."

Kitenge cha kijani alikipaka mwenyewe baadaye kwenye shuka, juu ya kibwebwe changu, kwa brashi yangu kubwa, na hakuniruhusu kunyoosha mstari hata mmoja. Lakini mchana ule nilikuwa bado sijamaliza kazi. Nilikuwa na mtani wa kumsindikiza. Nilimcheza kinyumenyume mpaka mwisho wa uzio, nikamcheza tena kurudi, na mto haukuanguka.